Siku nesi alipokataa kuandika presha ya baba

Jana binti yangu kaniuliza mbona babu haitikii salamu akiwa kafungwa mkanda wa mashine ya presha. Nikacheka. Babu huyo huyo!

Siku ile alipanda ngazi mbiombio, akaketi, akanyoosha mkono hewani sweta likiwa mwilini, huku akinimalizia habari za ukoo. Mashine ikasoma 168 kwa 98. Moyo ulinipasuka. Nesi hakuandika kitu.

"Mzee, hii siihesabu."

Akamwuliza kama amevuta sigara au kunywa kahawa ndani ya nusu saa iliyopita. "Kidogo tu, sista." Basi tukasubiri nusu saa ipite. Akamtuma na chooni, maana kibofu kikijaa presha hupanda. Kisha akampanga upya: mgongo uegemee kiti, nyayo zote mbili sakafuni, asipachike mguu juu ya mguu. Sweta likavuliwa kabisa, kwa kuwa mkono wa nguo ukikunjwa juu hubana. Mkono akaulaza mezani, usawa wa moyo. Ukining'inia, namba hupanda bure. Akajaribu mkanda, akauona mdogo kwa mkono mnene wa baba, akaleta mwingine. Mkanda mdogo nao huongeza namba. Akaufunga juu kidogo ya kiwiko, kwenye ngozi tupu, akasema, "Sasa dakika 5 za kimya." Baba alipofungua kinywa, nesi akaweka kidole midomoni. Kuongea peke yake kunaweza kuipandisha namba ya juu kwa pointi 10 hivi.

146 kwa 92. Baada ya dakika moja, 144 kwa 90.

"Unaona?" baba akanigeukia. "Imeshuka. Mie mzima."

"Haijashuka, mzee. Sasa ndiyo tumeipima."

Mengine yalikwenda haraka. Akapewa kazi ya kupima nyumbani siku 7, asubuhi na jioni, mara mbili kila kikao, siku ya kwanza isihesabiwe. Wastani ulipita 135 kwa 85, kiwango ambacho kwa vipimo vya nyumbani huhesabiwa presha ya juu, daktari akaandika dawa. Kutembea nusu saa, siku 5 kwa wiki, alikubali bila ubishi. Ugomvi ukabaki kwenye chumvi: isizidi gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, na humo imo ya mkate na ya viungo vya pakiti. Aliondoa kichupa cha chumvi mezani kwa mbwembwe, viungo vya pakiti vikabaki sufuriani. Kichwa hakimuumi, macho yanaona, amwogope nani? Presha ndivyo ilivyo, hula figo na mishipa ya ubongo bila kugonga hodi.

Kuna wakati najiuliza, lau nesi angeiandika ile 168, labda baba angeshtuka akaacha chumvi. Lakini pengine angeanzishiwa dawa nyingi kuliko anazohitaji, na presha ya mzee ikishushwa kupita kiasi, akisimama ghafla kizunguzungu kinaweza kumwangusha. Nesi alifanya sawasawa. Ila alimpa baba silaha: kila nikigusa habari ya chumvi hunijibu kwamba yeye alishusha pointi 24 kwa kunyamaza tu, na mimi nijaribu.