Sabato ya Baba na Misa ya Mama Chini ya Paa Moja

Mimi ni Mkatoliki niliyelelewa Busia, na mume wangu ni Mwadventista Msabato kutoka Kisii, wa ukoo ulioipokea imani hiyo zamani, baada ya wamisionari kufika Gendia kando ya Ziwa Victoria mwaka 1906 na kisha kupanda hadi Nyanchwa, huko Kisii. Tunaishi Umoja, mashariki mwa Nairobi, na watoto wetu watatu. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kama watoto hawa tunawalea au tunawagawana. Kwa kuwa swali hilo nimeulizwa kwa namna nyingi, na kwa kuwa vijana ambao makanisa yao yanatofautiana huja kuniomba ushauri kabla ya kuoana, nimeona vyema nieleze jinsi tulivyofanya.

Kanisa Katoliki huruhusu ndoa ya namna hii kwa kibali cha askofu, na kanuni ya 1125 katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983 humtaka Mkatoliki aahidi kwa unyofu kwamba atafanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika kanisa lake. Mwenzake hatakiwi kuahidi hivyo, ila hujulishwa. Mume wangu alijulishwa, akaelewa, kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba naye ana Biblia yake na dhamiri yake, na kwamba hatakaa kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Maneno hayo yalinipendeza kuliko kama angenikubalia kila kitu ili harusi ipite. Tulikubaliana kwamba watoto watabatizwa wakiwa wachanga na kuhudhuria makanisa yote mawili. Kwangu mimi hilo la kwanza lilikuwa jepesi. Kwake lilikuwa zito, maana kanisa lake huwaombea watoto wachanga na kuwaweka wakfu kwa Mungu, lakini halimbatizi mtu mpaka awe na umri wa kuamini kwa akili yake.

Mwanzoni tulidhani inatosha kila mzazi kunyamaza kuhusu imani ya mwenzake. Ukimya huo haukuweza kudumu, kwa sababu mtoto huuliza. Kifungua mimba wetu alipokuwa chekechea aliuliza mezani kwa nini baba hafanyi ishara ya msalaba, na nikamjibu amwulize baba. Kuhusu Bikira Maria naye akaambiwa na baba amwulize mama. Baada ya muda tukaona kwamba tunamfundisha mtoto kubeba barua kati ya nchi mbili. Ndipo tulipojiwekea sheria ambayo imeibeba nyumba hii hadi leo: kila mmoja wetu ajifunze kuieleza imani ya mwenzake kwa namna ambayo mwenzake, akisikiliza kutoka jikoni, atakubali kwamba hivyo ndivyo anavyoamini. Haimaanishi kwamba ninakubaliana nayo. Ninatakiwa tu niieleze kwa haki, kisha niseme mimi ninaamini nini na kwa nini.

Sheria hii ilitudai kusoma. Nilikaa katika Shule ya Sabato pamoja na watoto na kufuata masomo ya robo mwaka, na mume wangu akaisoma katekisimu kwa kalamu mkononi, akitia alama za kuuliza pembeni. Tulibishana, mara nyingi watoto wakiwa wamelala na wakati mwingine mbele yao, kwa sababu niliona ni vizuri wajue kwamba watu wanaopendana wanaweza kutofautiana kuhusu jambo kubwa na kesho yake wakagawana nauli.

Juma letu lilibidi lipangwe upya. Sabato huanza jua linapotua siku ya Ijumaa, na hapa Nairobi jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, saa ambayo barabara ya Jogoo imejaa magari na mume wangu yuko ndani ya matatu. Kwa hiyo maharagwe huchemshwa Alhamisi, chapati hupikwa Ijumaa mchana, na sare za shule hufuliwa Jumapili alasiri. Ibada ya kufungua Sabato huanzishwa na mtoto yeyote aliye nyumbani, hata kama baba bado yuko njiani. Jumapili asubuhi mimi na watoto huenda Misa ya kwanza. Ninafanya kazi ya uuguzi kwa zamu, na siku ambazo zamu yangu imeangukia Jumapili, ni mume wangu ambaye huwafikisha watoto kanisani na kuwasubiri hadi mwisho. Sitaficha kwamba siku mbili za ibada kila juma huchosha, na mwanamke mwenye watoto wadogo asiambiwe vingine.

Kuhusu chakula sina mengi ya kusema. Nguruwe haingii nyumbani, na kambare, samaki niliyekua nikimpenda kuliko wote, hupatikana kwa mama yangu tu, kwa kuwa hana magamba na Walawi 11 inamkataza. Chai tunakunywa sote, ingawa kanisa la mume wangu linaishauri jamii yake kuiepuka. Yeye husema mtu aliyesomeshwa kwa majani ya chai ya Kisii atasamehewa.

Shule ilihitaji uangalifu zaidi. Masomo ya Jumamosi yalipoanza katika darasa la kifungua mimba, tulimwandikia mwalimu mkuu barua ya heshima tukiomba asiwepo siku hiyo, tukataja Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010, kinacholinda uhuru wa kuabudu na kusema kwamba mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Sote wawili tulitia sahihi. Mwalimu alitaka kujua kwa nini mama Mkatoliki anaiombea Sabato, na nikamjibu kwamba siku hiyo ni takatifu nyumbani kwangu, iwe ni takatifu katika kanisa langu au sivyo. Alikubali, mradi binti afidie masomo mwenyewe, na alifidia.

Jambo lililotupima kweli lilikuwa kifo cha mama mkwe wangu. Kanisa langu huwaombea marehemu. Kanisa la mume wangu hufundisha kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote mpaka siku ya ufufuo. Tuliporudi kutoka mazishini, kitinda mimba aliuliza nyanya yuko wapi. Nilimtazama mume wangu, ambaye ndiye aliyefiwa, nikaona kwamba haitakuwa haki nimwachie yeye swali hilo usiku ule. Nikawaambia watoto kwamba baba yao anaamini nyanya amelala usingizi usio na ndoto wala maumivu, na kwamba sauti atakayoisikia kwanza ni ya Kristo akimwita. Kisha nikasema kwamba mimi ninaamini yuko mikononi mwa Mungu hata sasa na kwamba sala zetu zinamfaa. Kuhusu siku ya kufufuka, nikaongeza, hatuna tofauti: mimi huikiri kila Jumapili katika Kanuni ya Imani, na baba yenu huisoma katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya nne. Binti yangu mkubwa aliuliza nani kati yetu yuko sahihi. Baba yake akamjibu kwamba yeye anadhani ni yeye, mama anadhani ni mama, na nyanya ndiye atakayejua kabla yetu sote. Tulicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Nilikuwa nikiombea roho ya mama mkwe peke yangu, chumbani. Mume wangu aliniambia nisijifiche, kwa sababu watoto wangedhani ninafanya jambo la aibu. Tangu hapo nimeomba sebuleni.

Kuna maumivu ambayo hatukuweza kuyaondoa, nayo watoto huyaona. Anapokuja Misa ya Krismasi au Pasaka, mume wangu hubaki kitini wengine wanapokwenda kupokea Komunyo. Nami, kanisani kwake, hubaki kitini waumini wanapokula mkate na kunywa divai isiyochachwa. Lakini kabla ya Meza ya Bwana Waadventista huoshana miguu, na hapo mke wa mzee mmoja wa kanisa alikuja na beseni akaniosha, akaniomba nami nimwoshe. Watoto walikuwa wamemwona padri akiosha miguu ya waumini Alhamisi Kuu, na wakaanza wenyewe kuulizana ni vitu gani vingine vinafanyika pande zote mbili. Ninaamini mazungumzo yale yaliwafunza kuliko mahubiri mengi.

Mtoto wetu wa pili alipofika miaka 14 alisema anataka kuingia darasa la ubatizo katika kanisa la baba yake. Kwa Mkatoliki hili si jambo dogo, kwa kuwa tunaungama ubatizo mmoja, na mtoto huyu nilimshika mwenyewe mbele ya kisima cha ubatizo. Nilimweleza waziwazi kwamba nimehuzunika, na kwamba kwa imani yangu hana haja ya kubatizwa tena. Kisha nikamdai sheria ya nyumba: aieleze kwanza imani anayoiacha mpaka mimi niridhike kwamba ameielewa. Mume wangu, ambaye angeweza kufurahi na kuharakisha mambo, alimwambia mchungaji kwamba kijana atasubiri.

Alisoma na katekista wetu kwa miezi kadhaa. Nilikwenda pia kwa paroko kumweleza juu ya ahadi niliyoitoa kabla ya ndoa, naye akaniambia kwamba niliahidi kufanya yaliyo ndani ya uwezo wangu, na dhamiri ya mtu mwingine haimo. Mwishowe kijana alikaa mbele yangu akaeleza sakramenti, maombezi ya watakatifu na mamlaka ya Kanisa vizuri kuliko wengi katika jumuiya yetu ndogo ndogo, kisha akasema bado anaamini kwamba ubatizo unapaswa kumfuata mtu aliyeamini mwenyewe. Alizamishwa majini wakati wa makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa la baba yake, na mimi nilikuwepo. Baadhi ya ndugu zangu wa Busia hawakuniunga mkono, na wengine hawajanielewa hadi leo, sikuwalazimisha. Dada yake mkubwa amepokea Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani yetu, na anaimba kwaya ya parokia.

Sasa ni zamu ya kitinda mimba, ambaye ataanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Darasa la parokia hukutana Jumamosi, lakini katekista amekubali kumfundisha Jumapili baada ya Misa ya pili, pamoja na watoto wengine wawili wenye sababu zao. Siku nitakazokuwa kazini, kaka yake amejitolea kumpeleka na kumsubiri.