Usiku Mjomba Alipopiga Shoo Nzima Juu ya Mto wa Sofa

Juzi mtoto karudi na homuweki ya kuwahoji wazazi kuhusu korona. Kwao wao hiyo sasa ni historia, wanaisoma darasani. Swali la nne lilikuwa: kitu gani mlikuwa mnakisubiri kwa hamu halafu kikaahirishwa? Nadhani mwalimu alitarajia harusi au likizo. Mimi nikajibu bila kufikiri, shoo ya Genesis, ile bendi ya roki ya Uingereza. Mtoto akaandika, akaniuliza herufi zake, akamaliza akaenda zake kucheza, na mie nikabaki pale mezani na Mjomba kichwani mpaka chai ikapoa.

Mjomba wangu mpiga dramu.

Sijui kama niliwahi kuwaambia kwamba Mjomba ni shoto. Kwetu Mombasa enzi zake mtoto shoto alikuwa na kazi, ukipeleka mkono wa kushoto kwenye sinia ya pilau unachapwa hapo hapo. Kula akajifunza kwa kulia, kuandika kwa kulia, lakini kwenye ngoma mkono ulikataa kabisa. Miaka ya themanini alipoingia bendi za mahoteli, dramu zilikuwa mali ya hoteli na zimepangwa kwa mtu wa kulia, basi kila jioni anawahi saa nzima kabla ya wenzake, anazigeuza zote, zile sahani mbili za kukanyaga na mguu anazihamishia upande wa pili, wageni wakishalala anazirudisha zilivyokuwa. Kuna meneja mmoja alimkataza, akasema zinakwaruza sakafu, akawa anapiga hivyo hivyo kinyumenyume mikono inapishana. Halafu mgeni mmoja Mjerumani akaacha kanda ya video pale mapokezi. Mjomba anasema aliiwasha tu apitishe muda, akamwona Phil Collins, mpiga dramu na mwimbaji wa Genesis, amekaa nyuma ya dramu na kila kitu kimegeuzwa, kiko upande wa shoto, na uwanja mzima wa wazungu unamshangilia. Alisimamisha kanda akaiangalia ile picha imeganda. Tangu siku hiyo Genesis kwake si bendi tu, ni ushahidi.

Kwa hiyo tarehe 4 Machi 2020 wale wazee watatu, Phil Collins, Tony Banks na Mike Rutherford, walipotangaza kwamba wanarudi jukwaani, mara ya kwanza tangu 2007, mimi sikujiuliza mara mbili. Tiketi zilipotoka nikanunua mbili za London, ukumbi wa O2, Novemba, nikampigia nikamwambia Mjomba tafuta pasipoti. Alinyamaza kwenye simu, nikadhani laini imekatika.

Wiki moja baadaye, tarehe 11, WHO wakasema hili sasa ni janga la dunia. Tarehe 23 sisi huku Uingereza tukafungiwa ndani, tarehe 25 Kenya ikafunga anga kwa ndege za abiria za kimataifa, tarehe 27 kafyu ikaanza, na Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa hakuna kutoka hakuna kuingia. Hoteli alikokuwa anapiga Jumatano na Jumamosi waliwaambia bendi pumzikeni kidogo. Kidogo hiyo hiyo.

Yaliyofuata nayapitia haraka manake nyote mliyaishi. Shoo ikahamishwa kwenda Aprili 2021, halafu ikahamishwa tena kwenda Septemba na Oktoba. Kila ikihamishwa napata barua pepe nzuri tu, ya heshima, samahani sana, tarehe mpya ni hii, tiketi yako iko pale pale, na kama hutaki utarudishiwa pesa. Mjomba muda wote huo alikuwa anasambaza mitungi ya gesi kwa tuktuk ya jirani, na hakuna mtu aliyemwandikia chochote. Hilo lilianza kuniuma mapema, nikawa sijui nilisemee wapi. Halafu Aprili 2021 Kenya ikatiwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, yaani ukitoka huko unalala hotelini kwa karantini ya kulipia, na kufikia Agosti bei ilikuwa pauni 2,285 kwa mtu mmoja. Hapo nikakata tamaa. Kumbe Septemba 22 wakaitoa, viza ilikuwa imeshatoka, na Mjomba akatua Heathrow mwisho wa mwezi na koti la marehemu babu na barakoa mbili, moja juu ya nyingine.

Chanjo alikuwa nayo, AstraZeneca dozi zote mbili, dawa ile ile niliyochanjwa mimi huku. Lakini cheti cha Kenya kilikuwa bado hakijakubaliwa, kilikuja kukubaliwa Oktoba 11, basi kwa sheria za wakati ule akahesabiwa kama hajachanjwa na akatakiwa akae ndani siku 10. Hakulalamika. Alikaa chumba cha mtoto na simu yangu ya zamani, anafuatilia ziara. Walikuwa wameshaanza Birmingham tarehe 20 Septemba, na mashabiki wanaandika kila usiku nyimbo zilizopigwa na mpangilio wake. Mjomba akayanakili yote kwenye karatasi kwa ile hati yake ya kulazimishwa, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, akaikariri. Alijua pia kwamba Phil mwenyewe hatapiga. Alikuwa ameshasema kwenye mahojiano na BBC kwamba mishipa imeharibika, hata stiki hawezi kuishika vizuri kwa mkono mmoja, kwa hiyo yeye ataimba amekaa kwenye kiti na dramu atapiga mwanawe Nic, kijana wa miaka 20. Nilimuuliza Mjomba kama haimsikitishi. Akanambia, "Nataka nimwone vile anavyomsikiliza mwanawe."

Ijumaa tarehe 8 Oktoba ndiyo siku aliyoruhusiwa kutoka. Akaoga, akaenda kuswali Ijumaa, akarudi anatembea polepole anaangalia kila kitu, majani, mabasi, mbwa waliovishwa nguo. Jioni tumekaa jikoni, nimechemsha chai ya tangawizi na mahamri ya kwenye friza, simu ikalia. Nikasoma. Nikasoma tena. Kuna waliopimwa ndani ya bendi wakakutwa na korona, na shoo zilizobaki za Uingereza, Glasgow usiku ule na London siku tatu mbele, zote zimeahirishwa.

Mjomba akaniangalia usoni. "Nini, mwanangu?"

Nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. Akauliza, "Wako salama lakini? Nani aliyeugua?"

Nikasema hawajasema nani. Akasema Mwenyezi Mungu awaponye. Halafu akanyamaza, na mimi nikawa nageuza geuza simu kama kwamba kuna ukurasa mwingine wenye habari tofauti. Nilitamani kulia lakini nilimwonea haya, kwa sababu aliyepoteza ni yeye.

Akainuka akaenda chumbani. Nikajua kaenda kulala. Akarudi na soksi moja ndefu ya mpira, ndani yake mna stiki zake mbili, zile za mbao ya njano zilizoliwa ncha akazifunga plasta ya dawa, plasta yenyewe imekuwa nyeusi kwa jasho. Akachukua mto wa sofa akauweka juu ya stuli, akavuta kiti. Mkono wa kushoto ukatangulia.

Akapiga shoo. Yote, kwa mpangilio wa ile karatasi, bila kuiangalia. Kwenye mto sauti haitoki, kuna ule mvumo mdogo tu wa du-du-du na vumbi linaruka kila anapogonga nalionea kwenye mwanga wa taa, na mdomo wake unahesabu. Mume wangu akaingia kutoka kazini akasimama mlangoni na begi begani, hakusema kitu, akabaki hapo hapo.

Ilipofika "Mama", wimbo wao wa 1983, alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Ule wimbo unaanza na mashine, ile ya kupiga ngoma kwa umeme, dramu za kweli haziingii mpaka mbele sana, dakika na dakika. Watu wengi wangeruka hapo. Mjomba hakuruka. Aliweka stiki zote mbili juu ya magoti, akainamisha kichwa, akawa anaipiga ile mashine kwa kisigino tu, tk, tk, tk-tk, na macho kayafumba. Jikoni kimya, friji inanguruma, na yeye anangoja zamu yake. Nilianza kuona mkono wa kushoto unajiandaa kabla yeye hajaujua, vidole vinajikunja kwenye stiki, mshipa wa shingo umesimama. Nikajikuta nimezuia pumzi. Halafu akaingia. Akaingia kwa mikono yote miwili na nguvu zake zote, mto ukatoka kwenye stuli akaukamata kwa goti bila kukosa pigo hata moja, na mimi na mume wangu tukapiga kelele pamoja, tukapiga makofi kama wendawazimu, mtoto akaamka akaja na blanketi lake akakaa chini.

Alipomaliza wimbo wa mwisho aliinuka akainama kwetu, kama wanavyofanya mahotelini kwa wageni. Fulana imelowa. Akaomba maji.

Tarehe 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa, Rais Kenyatta akaondoa kafyu. Mjomba aliisikiliza hotuba kwenye simu, akafurahi kuliko nilivyomwona kwa lolote lile la London, akasema sasa mahoteli yatafungua usiku, wataita bendi, lazima niwepo wasije wakachukua mtu mwingine. Nikamwambia Mjomba subiri, watatoa tarehe mpya. Akasema wao watatoa tarehe mpya, mimi wakinikosa hawatanitolea. Akaondoka wiki ile ile.

Tarehe mpya kweli zikaja, Machi 2022. Usiku wetu uliangukia 26 Machi, shoo ya mwisho ya ziara, na kama walivyosema wenyewe jukwaani, ya mwisho kabisa ya Genesis. Tukajaribu viza tena, majibu hayakuja kwa wakati. Nikaenda na mume wangu. Phil alikuwa amekaa kwenye kiti chake, Nic nyuma yake, Peter Gabriel aliyeiacha ile bendi 1975 alikuwa ukumbini kama mtazamaji, na kwenye "Land of Confusion" skrini ikajaa wanaume wenye kofia nyeusi na barakoa wanaandamana. Watu walilia, na mimi nililia, lakini sidhani nililia kwa sababu moja na wao. Ilipokuja "Mama", taa nyekundu ukumbi mzima, nikamwangalia Phil tu wakati mashine inalia. Alikuwa anaimba, na dramu zilipoingia aligeuza kichwa kidogo upande wa mwanawe.

Kesho yake nikampigia Mjomba nikamsimulia hilo kwanza. Akataka nirudie. Ageuke vipi, upande gani, kabla ya pigo au baada? Nikasema kabla kidogo. Akasema, "Ehee."

Hoteli haikuita. Ilifunguliwa, wageni walirudi, lakini Jumatano na Jumamosi wameweka DJ na laptopu yake pale palipokuwa na dramu, na dramu zenyewe hakuna anayejua zilikwenda wapi. Siwalaumu sana, nao walikaa miezi bila mgeni hata mmoja na mishahara ya kulipa. Lakini bado najiuliza, na sipati jibu. Bendi kubwa ilipokwama kulikuwa na watu kazi yao ni kutafuta tarehe nyingine, bima, mikataba, barua za samahani, na nafurahi kwamba ilikuwa hivyo, maana wale wazee walistahili kuagana na watu wao vizuri. Mjomba alistahili nini? Na nani alipaswa kukaa chini kuandika ile barua? Nilimuuliza yeye mwenyewe mwaka juzi tukiwa barazani Kisauni, akanambia niache kujichosha, akaniitia mtu wa madafu.

Siku hizi anapiga kwenye harusi, na jioni anafundisha watoto wa mtaa uani kwake. Kuna binti mmoja shoto, na Mjomba keshapanga dramu nzima upande wake na amewaambia wale wengine wa kulia wazoee wao. Mwezi wa Disemba nakwenda, ameniagiza ngozi ya dramu ndogo ya inchi 14, mbili, na amesisitiza nisinunue zile za bei rahisi kwa sababu yule binti ana mkono mzito.