Vituo Visivyo na Habari

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii naomba tufungue Hesabu sura ya 33. Najua wengi tunairuka. Imejaa vituo vya safari ya wana wa Israeli: wakasafiri kutoka hapa, wakapiga kambi pale, wakaondoka pale, wakapiga kambi kule. Zaidi ya kambi 40, kuanzia Ramesesi hadi nchi tambarare za Moabu.

Mimi nimeirudia mara tatu tangu tutoke safari. Wengi mnajua tulikuwa Ujerumani wiki sita, sisi na watoto pamoja na mama mkwe wangu, kwa wifi yangu anayeishi Frankfurt. Tukikutana hapa Kimara baada ya ibada, swali ni lile lile: Herrnhut mlifika? Tulifika. Na Mmoravian ana haki ya kuuliza, maana ni mji ule mdogo ulioanzishwa mwaka 1722, ambao kanisa lake lilituma wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Bibi alisimama makaburini, pale ambapo mawe yote yamelazwa chini na hakuna la tajiri lililoinuka juu ya la maskini, akavua viatu. Picha mmeziona.

Siku iliyotangulia haijaulizwa na mtu. Hata binti yetu wa miaka kumi, aliyekuwa na daftari la safari na kuliandika kila jioni, siku ile aliandika mstari mmoja: "Leo tumekaa tu kwenye treni."

Kweli tulikaa. Mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yameingia ukungu. Bibi alitandaza kitenge mapajani, akatoa mayai ya kuchemsha na chumvi aliyoifunga kwenye kikaratasi, akawa anamenya taratibu na kumpa kila mtu lake. Kila treni iliposimama aliuliza, "Hapa ni wapi?" Mjukuu anamsomea kibao, naye anarudia: Fulda. Eisenach. Gotha. Erfurt. Mtoto akacheka mpaka usingizi ukamchukua, kichwa begani kwa bibi yake.

Bibi akaendelea, ila sasa vituo vilikuwa vyake. "Tabora. Itigi. Manyoni. Saranda. Dodoma. Gulwe." Akanyamaza hapo.

Kisha akasimulia. Mwaka 1974 alipanda treni Tabora na mtoto wa miaka miwili mgongoni, homa imempanda, anampeleka Muhimbili. Saranda mama mmoja aliyekuwa akiuza kuku alimlowanishia khanga kwa maji yake ya kunywa, akampitishia dirishani. Walipofika Gulwe ilikuwa usiku, treni ikasimama muda mrefu. Mtoto akatulia. Akatulia mno. Bibi akaweka sikio kifuani pake, asisikie kitu kwa ajili ya kelele za watu. "Nikamwambia Mungu, ukimchukua, nichukue na mimi hapa hapa." Treni ikashtuka, ikaanza kwenda, na mtoto akalia.

Mume wangu alikuwa ameweka simu chini zamani. Akauliza, "Mama, huyo ni mimi?"

"Ni wewe. Nani mwingine?"

Hakusema tena neno mpaka Leipzig. Alishika tu mkono wa mama yake, ule wenye maganda ya mayai.

Ndugu zangu, miaka hamsini walikuwa wanaishi karibu, wanakula Krismasi pamoja, na habari hiyo haikupata nafasi. Ilihitaji siku isiyo na kazi. Nami nakiri kwamba siku za kupanda ndege niliomba kwa bidii, siku ya Herrnhut niliamka mapema kuomba. Asubuhi ya treni niliomba tusikose treni ya kubadilishia, basi.

Sasa turudi kwenye sura yetu. Mstari wa 2 unasema Musa aliandika vituo hivyo kwa amri ya Bwana. Vingine vina habari: Elimu palikuwa na chemchemi 12 na mitende 70, Refidimu hapakuwa na maji, Mlima Hori alifia Haruni akiwa na miaka 123. Lakini Rithma? Risa? Tahathi, Tera, Mithka? Jina tu, kisha wanaondoka. Hata hivyo Bwana alitaka yaandikwe. Nami naamini huko Tahathi kuna mama alikesha na mtoto mwenye homa, na Bwana alimwona. Hesabu 9:22 inasema wingu likikaa juu ya maskani siku mbili, au mwezi, au zaidi, nao walikaa. Wingu halikuwaacha siku za kukaa.

Tukutane Alhamisi kwenye jumuiya, kila mtu aje na kituo chake kimoja ambacho hajawahi kukisimulia.

Juzi jioni binti yetu alilichukua lile daftari, akafungua ukurasa wenye mstari mmoja, akaanza kujazia vituo vya bibi yake kama alivyovikumbuka. Tabora, Itigi, Manyoni, Saranda, Dodoma, Kilosa, Morogoro. Akampelekea asahihishe. Bibi akavaa miwani, akasoma kwa kidole, jina moja moja, akarudi nyuma.

"Umeruka Gulwe," akamwambia. "Kaa hapa nikueleze."