Jinsi tulivyofika kwenye jina Mariamu

Binti yetu anaitwa Mariamu. Hatukuongeza herufi wala kupunguza, hatukuliunga na jina jingine, hatukulikata mwisho ili lisikike la kisasa. Ni Mariamu lile lile ambalo wewe unayesoma hapa bila shaka unamjua mwenye nalo, pengine watatu au wanne. Wanawake wanaokaribia kujifungua huniuliza kwa nini tulichagua jina ambalo kila ukoo unalo, na mimi na mume wangu tulikubaliana vipi, maana jambo hili huleta mvutano hata kwa watu wanaopendana. Basi naeleza ilivyokuwa.

Mume wangu alikuwa na jina lake tayari. Alilitunga mwenyewe, akachukua silabi za jina lake na za jina langu akaziunganisha, na kusema kweli lilisikika vizuri. Hoja yake ilitoka kwenye mapenzi: mtoto huyu hajawahi kuwapo duniani, kwa hiyo apewe jina ambalo halijawahi kuwapo. Niliielewa. Lakini kila nilipolitamka lile jina niliwaona watu wawili tu ndani yake, yeye na mimi. Mtoto sikumwona. Nilimfikiria akiwa mtu mzima, kila anapojitambulisha anaanza kueleza kwamba baba yangu alikuwa fulani na mama yangu fulani, wakachanganya. Jina la namna hiyo husimulia habari za waliolitunga kabla hata mwenye nalo hajafungua mdomo.

Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama majina makongwe kwa jicho jingine. Nilitaka jina lililokwisha kupita kwa watu wengi kiasi kwamba halina tena tabia moja ya kumbandika mtoto. Wapo Mariamu wapole na Mariamu wakali, wasomi na wasiojua kusoma, wachamungu na wasiojali. Ukimsikia mtu anaitwa Mariamu hujui lolote kumhusu mpaka akuonyeshe mwenyewe. Kwangu hiyo ni zawadi kubwa kuliko upekee.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo kwetu lilikuwa zito. Upande wangu wanasali kanisani, upande wa mume wangu wanaswali msikitini. Ndoa yetu ilikwisha kubaliwa na pande zote, lakini sote tunajua kwamba jina la mtoto linaweza kufukua mambo yaliyozikwa. Majina mengi tuliyoyapenda yalielemea upande mmoja. Mariamu halielemei. Mama yangu analo kwenye Injili ya Luka sura ya 1, ambako malaika anatumwa kwa binti mwenye jina hilo hilo, na hata nyuma zaidi, kwenye kitabu cha Kutoka, ambako Miriamu dada yake Haruni anashika tari na wanawake wanamfuata wakicheza. Mama mkwe wangu analo kwenye Kurani, sura nzima, ya 19, yenye aya 98. Tena ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake ndani ya Kurani yote.

Nilipomwendea mama mkwe kumwambia tunalifikiria jina hili, hakunijibu moja kwa moja. Aliniuliza, "Mwanangu, unajua nani alimpa Maryamu jina lake?" Nikasema sijui, mama. Akanieleza kwamba ni mama yake mzazi. Iko kwenye Sura ya 3, aya ya 36: mke wa Imrani anajifungua, anaona ni mtoto wa kike, anamwita Maryamu kwa kinywa chake mwenyewe na kumwombea ulinzi yeye na kizazi chake. "Kwa hiyo hilo ni jina ambalo mama alimpa binti," akasema. "Wewe ni mama. Mpe." Sikuhitaji hoja nyingine kwa upande ule. Kwa mama yangu ilikuwa fupi zaidi: nilitaja jina, akaniuliza tunachelewa nini.

Aliyebaki ni mume wangu. Yeye hakuwa na neno na dini wala wazee. Shida yake ilikuwa kwamba jina ni la kawaida mno, na mwanawe asingeonekana kati ya wengi. Sikutaka kumshinda kwa kumwambia wazee wamekubali, kwa sababu mtoto ni wake pia na nilitaka alipende kweli. Nikaanza kumtafutia wajina wa mtoto wetu, mmoja mmoja, na jioni tukawa tunawazungumzia.

Nilianza na Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran mwaka 1977, mwanahisabati aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2014. Alifariki miaka mitatu baadaye akiwa bado kijana. Mume wangu anapenda hesabu, na huyu alimgusa. Halafu Marie Curie, ambaye Wafaransa ndio waliozoea kumwita Marie. Alizaliwa Warsaw mwaka 1867 kwa jina la Maria, akapata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1903 na ya kemia mwaka 1911. Halafu Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya kulea na kufundisha watoto mjini Roma mwaka 1907, na mpaka leo kuna shule ulimwengu mzima zinazoitwa kwa jina lake. Halafu Mary Leakey, ambaye mwaka 1959 aliona kipande cha fuvu kikichungulia ardhini kule Olduvai, na fuvu hilo likabadilisha fikra za watu kuhusu chimbuko la binadamu. Na Miriam Makeba, aliyefungiwa mlango wa kurudi nyumbani Afrika Kusini, na mwaka 1963 akasimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa kueleza ubaguzi wa rangi unavyowafanyia watu wake.

Nilimwomba awaangalie wote pamoja. Mmoja anachora maumbo ya hisabati kwenye karatasi kubwa sakafuni, mwingine anaimba, mwingine anakwangua udongo kwa brashi. Hawafanani kwa lolote, na hakuna hata mmoja aliyezuiwa kuonekana kwa sababu jina lake lilikuwa la kawaida. Mume wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi jina haliwezi kumwonyesha mtu, kazi hiyo ni ya mtu mwenyewe. Tangu hapo tulianza kuelewana, ingawa alitaka tulijaribu kwanza.

Na tulilijaribu kweli. Hili ni jambo ninalomshauri kila mzazi afanye, kwa sauti na si kichwani. Jina litatamkwa maelfu ya mara kuliko litakavyoandikwa, na mnaoanza kulitamka ni nyinyi. Mume wangu alisimama mlangoni akaita kana kwamba mtoto yuko mbali anacheza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukiita Mariamu, sauti inatua kwenye ile *a* ya kati, na hiyo *a* unaweza kuivuta utakavyo: Mariaaamu! Inafika mbali bila kukwaruza koo. Kisha nikalinong'ona kama nambembeleza mtoto aliyeshtuka usiku, na nikagundua kwamba midomo inafumba mwanzoni, inafunguka, halafu inafumba tena taratibu kwenye *mu*. Linaanza na kuishia na sauti ile ile laini. Tukalisema kwa ukali, kama kuna kitu kimevunjwa. Likabeba ukali bila kuwa tusi. Tukalisema kama mwalimu anayeita mahudhurio, kama mtu anayesoma jina la mhitimu, kama mgonjwa anayemwita daktari wake. Tukaliweka mbele ya jina la baba na la ukoo tukasikiliza kama yanagongana. Mwisho nikamwambia mume wangu afumbe macho amfikirie bibi kizee mwenye mvi aitwaye Mariamu. Akacheka akasema anamwona waziwazi. Jina lake la kutunga tulipolifanyia hivyo, lilimfaa mtoto mchanga na msichana mdogo, lakini bibi hakutokea.

Kuna rekodi moja ambayo inanifurahisha sana kwenye suala hili la umri. Marekani wana takwimu za majina ya watoto kuanzia mwaka 1880, na tangu mwaka huo mpaka 1946 Mary ndilo lililoongoza kila mwaka kwa wasichana. Mwaka 1947 likaja Linda likalitoa, likakaa juu mpaka 1952. Mary likarudi mwaka 1953, likashika nafasi hadi 1961, ndipo Lisa likalishusha. Leo Mary kule haliko tena kwenye majina mia ya kwanza. Mtu anaweza kusema basi limekufa. Mimi naona kinyume. Ukimsikia Mmarekani anaitwa Linda, unakisia mara moja kwamba ni wa miaka ile ya baada ya vita, kwa kuwa jina lilipanda ghafla likashuka. Mary anaweza kuwa wa umri wowote. Hilo ndilo linalotenganisha jina kongwe na jina la kupita: la kupita hubeba mwaka wa kuzaliwa kama muhuri. Nilitaka binti yangu awe na jina ambalo akiwa na miaka mitano halimzidi, na akiwa na miaka sabini halimpungukii.

Sasa ile hoja kwamba atakuwa na wenzake wenye jina hilo darasani. Ni kweli, anao. Watu hunionea huruma kwenye hili, nami sioni sababu. Tatizo hili ni la kale kuliko darasa lolote. Ukisoma Injili ya Yohana sura ya 19, aya ya 25, wanawake waliosimama penye msalaba wanatajwa, na ili wasichanganywe mmoja anaitwa Mariamu wa Klopa na mwingine Mariamu Magdalene. Mmoja anatambulishwa kwa jamaa yake, mwingine kwa mji alikotoka. Watoto darasani kwa binti yangu wamefanya hivyo hivyo bila kufundishwa: wanatumia majina ya baba zao, na yule mrefu wanamwita Mariamu Mrefu, naye anaitikia. Binti yangu anawaita wajina, wanashikana mikono wakitembea, na siku mmoja wao akipata sifa darasani yeye hurudi nyumbani akitangaza kwamba "Mariamu kapongezwa", kwa furaha kana kwamba ni yeye. Mtoto mwenye jina la peke yake hawezi kulipata hilo.

Nyumbani tunamwita Mari. Bibi yake mzaa baba anasema Maryamu, kwa *r* iliyobanwa na *y*. Bibi yake mzaa mama wakati mwingine humwita Maria, hasa akiwa anamsifu. Shangazi yake anayeishi ughaibuni anasema Miriam. Yeye huitikia yote, na nadhani hii ni sehemu ya uzuri wa majina makongwe ambayo haisemwi vya kutosha: yamekwisha kuzoea lugha nyingi, kila ulimi una njia yake ya kuyatamka, na hakuna anayeyavunja. Mturuki atamwita Meryem, Mfaransa Marie, na wote watakuwa sahihi.

Lakini wingi huo wa maumbo ndio unaotaka uangalifu kwenye karatasi, na hapa niwe mkali kidogo. Kabla ya kwenda kusajili kizazi, kaeni chini mkubaliane tahajia moja, muiandike kwa herufi kubwa, na mwende na hiyo karatasi mkononi. Mariamu, Mariam, Maryam, Miriam na Maria kwa mdomo ni ndugu, ila kwenye mafaili ni watu watano tofauti. Sisi tulichagua Mariamu kwa sababu ndivyo tunavyolitamka, irabu mwishoni, na kwa sababu kila anayejua Kiswahili atalisoma sawasawa mara ya kwanza. Msajili alipotupa fomu tuihakiki kabla ya kuchapwa, mume wangu aliisoma herufi kwa herufi kwa sauti, mimi nikifuatisha kwa kidole. Sasa kila tunapojaza fomu nyingine, iwe ya kliniki, ya shule au ya hati ya kusafiria, hatuandiki kwa kukumbuka. Tunatoa cheti cha kuzaliwa, tunakiweka pembeni, na tunanakili kutoka pale.