Nawinda santuri ambazo hazikutengenezwa zidumu

Ukinikuta sokoni nimepiga magoti mbele ya boksi la kadibodi, vidole vyeusi tii kwa vumbi, naomba usinisemeshe kwanza. Si maringo jamani. Nikishaanza kupekua mkono unaingia kwenye mdundo wake, kava, kava, kava, kava, na macho yanasoma pembe ya juu tu, ukinikatisha hapo lazima nianze upya kwasababu najua kabisa ile niliyoiruka ndo yenyewe.

Watu wakisikia nakusanya santuri za zamani swali la kwanza ni "unayo ile ya fulani?" na wanataja albamu maarufu ambayo kila nyumba ilikuwa nayo. Sina. Au ninayo ila sikuihangaikia. Albamu zilizouzwa mamilioni hazihitaji muwindaji, zinahitaji mtu mwenye hela na subira ya wiki mbili, na siku hizi kuna Discogs, tovuti yenye orodha na bei za santuri iliyoanza mwaka 2000, kila muuzaji anaifungua kwenye simu kabla hajakutajia bei, kwahiyo zile habari za kuokota dhahabu kwa bei ya karanga zimepungua sana. Mimi nimehamia kwenye vitu ambavyo simu haivitambui. Ukipiga picha ya lebo haileti kitu. Hakuna lebo. Au ni duara la plastiki laini lililokuwa limebanwa katikati ya gazeti. Yaani santuri ambazo aliyezitengeneza mwenyewe hakutegemea mtu azishike miaka hamsini baadaye.

Nianze na ambayo sijaipata mpaka leo na inanikosesha usingizi. Kule Urusi enzi za Kisovieti, kuanzia miaka ya 1940 mwishoni hadi 1960 na kitu, muziki wa jazi na roki na waimbaji waliokimbilia nje ulikuwa umepigwa marufuku, na vinaili, ile plastiki ya kutengenezea santuri, mtu wa kawaida angeitoa wapi? Basi vijana wa Leningrad wakawa wanachukua picha za eksirei zilizotupwa na hospitali, wanazikata duara kwa mkasi, tundu la katikati wanalitoboa kwa moto wa sigara, halafu wanachonga muziki juu yake kwa mashine waliyojiundia wenyewe. Upande mmoja tu. Sauti mbaya, inaisha baada ya kupigwa mara chache. Wenyewe waliziita "mbavu", kwasababu ukiinyanyua kwenye mwanga unaiona mifupa ya mtu huku trampeti inalia. Kuna waliofungwa jela kwa kazi hiyo. Sasa niambie, na kitu kama hicho kipo duniani, mimi niende kupanga foleni ya albamu iliyochapishwa upya kwa rangi ya waridi?

Bhutan nao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitoa stempu za posta ambazo ni santuri. Sitanii. Vijiduara vidogo vya plastiki, nyuma kuna gundi, unabandika kwenye bahasha, na ukiamua kutobandika unaweka kwenye pleya unasikia wimbo wa taifa au nyimbo zao za asili. Wakusanyaji wa stempu wa wakati ule waliona ni upuuzi mtupu. Leo wanazitafuta wao na tunazitafuta sisi, tunagombania bahasha moja.

Ila uchache wenyewe sio kigezo changu, hapo tuelewane. Ninayo ile ya nyangumi iliyokuja ndani ya jarida la National Geographic la Januari 1979, karatasi nyeusi ya plastiki yenye sauti za nyangumi wenye nundu. Walichapa nakala milioni 10.5 kwa mkupuo mmoja. Milioni kumi na nusu! Sio adimu hata kidogo. Ila jaribu kuipata ambayo haijakunjwa, haijatobolewa, mtoto hajaichora, bado imo ndani ya jarida lake. Mimi nilifungua majarida mengi sana kabla sijaipata, mengine muuzaji ananiangalia tu namna ninavyoyatikisa kama mtu anayetafuta noti iliyofichwa. Nilipoiweka kwenye pleya ikawa inateleza, sindano inaburuza badala ya kwenda na mfereji, ikabidi niweke sarafu juu ya plastiki ili itulie. Nyangumi akaanza kulia. Nikakaa chini.

Tuje kwenye vidole, maana ndo shule yenyewe hii. Macho yanadanganywa na kava, vidole havidanganyiki kirahisi. Santuri za zamani kabisa, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ni nzito, baridi, na ukiiangusha imekufa, vipande vitatu. Columbia walipoleta albamu ya vinaili ya mizunguko 33 na theluthi mwaka 1948, na RCA Victor wakajibu na singo, ile santuri ndogo ya wimbo mmoja kila upande, ya mizunguko 45 mwaka 1949, ndo mambo yakaanza kuwa mepesi na ya kupinda. Halafu kuna singo nyingi za Marekani ambazo sio vinaili kabisa, ni polistirini, ngumu, ukiigonga na ukucha inatoa mlio wa kikombe cha plastiki, lebo ya karatasi imegundishwa juu badala ya kukandamizwa pamoja na santuri yenyewe. Hizo zikipigwa na sindano mbovu zinaungua zile sekunde za mwanzo, sauti inakuja na moshi. Kwa macho inang'aa kama mpya. We sikiliza mlio wa ukucha kwanza.

Na mkishika yoyote ile isogezeni kwenye mwanga, msome ule ukanda mtupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Pale mafundi waliandika kwa mkono, namba, herufi, saa ingine utani kabisa. Wapenzi wa jazi wanaotafuta santuri za awali za kampuni ya Blue Note wanatafuta alama ndogo inayofanana na sikio, kumbe ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite kilichowachapia mpaka 1966. Sikio likiwepo watu wazima wanatetemeka mikono, lisipokuwepo wanarudisha bokisini kimyakimya. Mi sichekei, nimewahi kutetemeka.

Saa ingine santuri yenyewe ndo inakuchezea akili. Wale wachekeshaji wa Monty Python walitoa albamu mwaka 1973 yenye upande uliochongwa mifereji miwili inayozunguka sambamba, kwahiyo sindano ikiangukia mfereji huu unasikia hiki, ikiangukia ule unasikia kingine. Na hawakumwambia mtu. Mimi nilipokopeshwa na rafiki yangu nikasikia kichekesho fulani, kesho yake nikamuita ndugu yangu asikie, hakipo. Nikarudia. Hakipo. Ndugu yangu akaniambia nipunguze kukesha.

Makosa nimefanya ya kutosha. Kubwa ni la spiriti. Nilipata santuri moja ya lakiri, chafu, ukungu umeota, nikasema ngoja niisafishe vizuri, nikachovya kitambaa kwenye spiriti nikafuta kwa upendo wote. Kitambaa kikawa cheusi. Nikafurahi, uchafu huo unatoka! Nikazidi kufuta. Haukuwa uchafu ndugu zangu, lakiri inayeyuka kwenye spiriti, nilikuwa naufuta muziki wenyewe. Mpaka nashtuka katikati kuna doa limelainika kama kioo. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kitambaa laini, usiloweshe lebo, basi. Spiriti waachie wenye vidonda.

Kuna habari moja huwa naisimulia kila nikiulizwa kwanini napoteza Jumamosi zangu. Mwaka 2003 huko Washington jamaa mmoja, Dori Hadar, alikuwa anapekua santuri sokoni akakutana na albamu za mwanamuziki wa soul anaitwa Mingering Mike, hajawahi kumsikia, na hapo huyu ni mtu anayejua santuri. Albamu nyingi, kila moja na kava iliyochorwa kwa mkono, majina ya nyimbo, kampuni ya kurekodi, maneno ya sifa nyuma. Akaichomoa santuri ndani ya kava. Kadibodi. Duara la kadibodi lililopakwa rangi nyeusi, na mifereji imechorwa! Kijana mmoja miaka ya 1960 na 1970 alikuwa amejitungia usupastaa mzima nyumbani kwao, albamu juu ya albamu, hakuna hata moja inayopigika. Mali yake ilikuwa imewekwa kwenye stoo ya kukodi, alipochelewa kulipa ikauzwa. Hadar akamtafuta mpaka akampata, na leo kazi zile ziko jumba la sanaa la Smithsonian. Kwangu mimi hiyo ndo santuri adimu kuliko zote na haina sauti.

Sasa nifike kwenye langu, la juzi juzi hapa. Kulikuwa na bibi anapunguza vitu nyumbani kwake, mabakuli, fremu za picha, na boksi moja chini ya meza.

"Shikamoo mama. Hizi santuri vipi?"

"Marahaba mwanangu. Chukua boksi zima, mgongo wangu hautaki kuliinua tena."

Nilipoinua nikajua kuna kitu, maana katikati ya albamu za kawaida kuna sahani moja nyembamba, nzito isivyostahili, pembeni rangi imebanduka kidogo na chini yake kunang'aa alumini. Lebo haina jina la kampuni. Na pembeni ya tundu la katikati kuna tundu lingine dogo. Hapo moyo ulienda mbio, kwasababu lile tundu la pili ni la kuishikilia kwenye mashine wakati inachongwa. Hii ilikuwa asetati. Haikupigwa chapa kiwandani na wenzake elfu, mtu alikaa mbele ya maikrofoni na sindano ikachonga sauti yake moja kwa moja kwenye utando laini uliopakwa juu ya alumini. Ni nakala moja tu, basi. Na ule utando ni laini kweli, kila ukiipiga inalika, na ukiiacha bila kuipiga nao unasinyaa wakati alumini haisinyai, unapasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Ukiigusa inakufa na usipoigusa nayo inakufa.

Kila anayejua hizi vitu atakwambia kitu kimoja: mara ya kwanza kuipiga iwe unarekodi. Mimi nalijua hilo. Nimewahi kuwaambia watu hilo, kwa sauti ya kujiamini kabisa.

Nilifika nyumbani sijavua hata viatu nikaiweka kwenye pleya, 78, sindano ile ile nyembamba ya albamu za kawaida, nikaishusha. Kelele kama maji yamedondoka kwenye mafuta ya moto. Halafu mtu akakohoa. Kinanda kikaanza, kikakosea, kikaanza tena, mtoto akalia huko nyuma, mwanamke akacheka, na kabla wimbo haujaisha sahani ikaisha, krrr. Nikawa nimesimama tu natabasamu kama mjinga. Nageuka naiona kompyuta, imezimwa. Nikainua sindano, kwenye ncha yake umening'inia uzi mweusi mwembamba kuliko unywele, umejikunja. Ule uzi ulikuwa ndani ya mfereji dakika tatu zilizopita. Niliutoa kwa kibano nikauweka kwenye kikaratasi, sijui kwanini, bado ninao.

Nikajizuia wiki kadhaa. Nikatafuta sindano pana ya mifereji ya 78, nikapunguza uzito wa mkono, nikawasha kompyuta, nikaikagua mara tatu kwamba inarekodi, ndo nikashusha. Kelele ilipungua zaidi ya nusu. Na kile nilichodhani ni kikohozi hakikuwa kikohozi, mwanaume anamwambia mtu "haya, tayari". Mtoto yupo. Kicheko kipo. Sijaona nilichopoteza ile mara ya kwanza, labda ndo uzuri wake mbaya, siwezi kujua.

Upande wa pili una ufa umeanzia kwenye tundu umekwenda mpaka katikati, sijaupiga.

Nikampelekea yule bibi ile sauti kwenye simu, nilikuwa nimejiandaa kabisa kwa machozi, nimebeba na leso. Akasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, kisha akanirudishia simu yangu.

"Hao siwajui mwanangu. Lile boksi tulilikuta humu humu tulipohamia." Akafikiria kidogo. "Kuna mengine mawili juu ya dari, unayataka?"

Jumamosi naenda na ngazi.