Ngisi, mwani na samaki wa mwamba: nilivyopima kinga ya sponji pwani ya Unguja

Mnyama aliyejibandika kwenye mwamba, asiye na gamba na asiyeweza kukimbia, ana njia chache za kubaki hai mbele ya samaki wenye njaa, na kwa sponji nyingi njia hiyo ni kemikali. Swali nililojiwekea katika utafiti wangu wa shahada ya uzamili lilikuwa dogo kuliko walivyotarajia wengi niliowaeleza: miongoni mwa sponji zinazoota kwenye kina kifupi mashariki ya Unguja, ni zipi ambazo samaki huzikataa kwa sababu ya ladha, na je, naweza kulithibitisha hilo kwa vifaa vichache nilivyokuwa navyo? Nilifanikiwa, na ninaandika hatua nilizopita kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wanaodhani kwamba kazi ya namna hii haiwezekani bila maabara ya mamilioni.

Watu wakisikia kemikali za sponji hufikiria dawa, na wana sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Werner Bergmann alieleza nukliosidi (molekuli za jamii ya zile zinazojenga DNA) zisizo za kawaida alizozipata katika sponji ya Florida, Tectitethya crypta, na muundo wake ndio uliowaonyesha wengine njia ya kutengeneza sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 na ambayo ingali ikitumika. Mwaka 1986 watafiti wa Japani walitangaza halikondrini B kutoka sponji Halichondria okadai, na kutokana nayo, baada ya miaka mingi ya kazi ya maabara, ikapatikana eribulini, iliyoidhinishwa mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa. Ndiyo maana mwanafunzi akileta sponji maabara, jambo la kwanza analoshauriwa ni kudondosha dondoo lake, yaani kemikali zilizotolewa kwenye nyama yake, kwenye sahani ya bakteria, aone kama patatokea duara safi ambalo bakteria hawaoti. Hata mimi nilifanya hivyo, lakini baadaye. Kwa maoni yangu jaribio lile huuliza swali la hospitali. Bakteria wa wodini hajawahi kukutana na sponji baharini, ilhali samaki hupita juu yake kutwa nzima, na kama kemikali ile ina kazi, basi kazi yake inafaa kutafutwa hapo kwanza.

Vibali vilitangulia: kibali cha utafiti, kisha barua kwa sheha, kisha kikao na kamati ya wavuvi wa kijiji. Kikao hicho ndicho kilichonifaa zaidi, kwa kuwa kilinikutanisha na akina mama wanaochokoa pweza maji yakipwa, ambao wanaujua mwamba kuliko ramani yoyote niliyokuwa nayo. Bibi mmoja alinishika mkono nilipotaka kuinua sponji nyekundu iliyotanda chini ya jiwe. "Mwanangu, hiyo usiiguse, itakuwasha mpaka kesho," akasema, na tangu siku hiyo sikutoka bila glovu. Nilimwomba anionyeshe zinazowasha na zisizowasha, nikaziandika zote, maana nilitaka kujua kama kinachomsumbua binadamu kwenye ngozi ndicho kinachomsumbua samaki mdomoni.

Katika kuchagua sponji za kupima sikufuata rangi. Nilitazama mahali zinapoota na majirani zake. Sponji laini iliyokaa wazi juani, bila alama ya kung'atwa, huku samaki wengi wakizunguka, inatia shaka kuliko iliyojibana kwenye ufa. Vivyo hivyo sponji ambayo matumbawe yaliyo jirani yake yamekufa ukingoni inapoyagusa, na ile ambayo haijaotwa na mwani wala chaza wadogo ingawa mawe yote ya karibu yamefunikwa. Dalili niliyoipenda kuliko zote ni kumkuta konokono asiye na gamba, wale wenye rangi kali, ametulia juu ya sponji. Baadhi yao hula sponji zenye sumu, wakaihifadhi sumu hiyo katika ngozi zao na kuitumia kama kinga yao wenyewe.

Kila sponji nilikata kipande tu kwa kisu kikali, nikaacha sehemu kubwa ikiwa imeshikilia mwamba, kwa sababu sponji huota tena. Kipande kiliingia moja kwa moja kwenye chupa yenye ethanoli ndani ya ngalawa, na kingine kidogo kwenye chupa ya pili kwa ajili ya utambuzi. Kuchelewesha hatua hii kuna gharama. Sponji za kundi la Verongida, zenye viambata vya bromini, hubadilika rangi zikipata hewa, na katika baadhi yake vimeng'enya hugeuza kemikali iliyohifadhiwa kuwa nyingine mara tu tishu inapojeruhiwa. Ukizileta ufukweni kwenye ndoo ya maji yaliyopashwa moto na jua, unachopima jioni sicho kilichokuwa baharini asubuhi.

Utambuzi ulifanyika kwa jiki na hadubini. Kipande kidogo kinalowekwa kwenye jiki, nyama inayeyuka, na vijiti vya silika vinavyounda mifupa ya sponji hubaki chini; umbo na urefu wa vijiti hivyo ndivyo vinavyotenganisha jenasi moja na nyingine. Sponji moja ya kijivu, laini, iliyonishughulisha sana baadaye, haikuacha kijiti hata kimoja cha kwake. Kilichobaki kwenye kioo kilikuwa chembe za mchanga na vijiti vilivyovunjika vya sponji nyingine, jambo linaloashiria familia ya Dysideidae, ambayo hujenga nyuzi zake kwa kuokota takataka za bahari.

Sasa nifike kwenye kipimo, ambapo kazi nyingi za namna hii huharibika. Ukikausha dondoo na kulipima kwa miligramu, unaweza kulifanya kali au dhaifu upendavyo, na matokeo yakakufuata wewe. Samaki lakini hang'ati miligramu. Hung'ata ujazo wa nyama ya sponji pamoja na kila kilichomo. Kanuni niliyoifuata ni ya Joseph Pawlik na wenzake, waliochapisha mwaka 1995 kazi yao juu ya spishi 71 za sponji za Karibi na kukuta kwamba asilimia 69 hukataliwa na samaki. Chukua mililita 10 za sponji, ukizipima kwa kuangalia kimiminika kinavyopanda katika silinda, toa kila kinachoyeyuka, kausha, kisha kirudishe chote katika mililita 10 za chakula. Hapo samaki anapata ukali uleule anaoukuta mwambani. Sponji imejaa matundu na hushika maji kama godoro, kwa hiyo kuipima kwa uzito mbichi kungenipa jibu tofauti kila mara kulingana na nilivyoikamua.

Chakula chenyewe nilikitengeneza kwa vitu vya hapahapa. Unga wa ngisi ulikuwa msingi, gramu 5 kwa kila mililita 100, ili chakula kisiwe kitamu kupita nyama ya sponji. Ngisi mkavu wa sokoni mara nyingi ametiwa chumvi, hivyo nilinunua mbichi, nikamkata vipande vyembamba, nikamkausha kwenye oveni kwa joto dogo, nikamsaga na kumchekecha. Kigandishi nilikipata kwa akina mama wanaolima mwani: kotonii mkavu, aliyeoshwa na kuchemshwa, hutoa rojo linaloganda likipoa, kwa kuwa lina karajini, kiambata cha mwani kinachogandisha. Dondoo niliyeyusha katika matone machache ya ethanoli, nikalikoroga ndani ya rojo lilipokuwa vuguvugu, nikamimina kwenye trei na kukata vipande vidogo vinavyotosha mdomo wa samaki. Vipande vya kulinganishia vilipewa ethanoli ileile bila dondoo, pamoja na rangi ya chakula iliyokaribiana na rangi ya dondoo, ili samaki asije akakataa kwa kuona tu.

Majaribio niliyafanya siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, mbali na sehemu ambako samaki wamezoeshwa kurushiwa mikate, maana hao hula chochote na hawana faida kwa mtafiti. Nilielea na miwani ya maji, nikiachia kipande kimoja kimoja mbele ya samaki wa jenasi ya Thalassoma, ambao ni wadadisi na hula vitu vingi. Kwanza kipande cha kulinganishia. Kikiliwa, kipande chenye dondoo. Kikikataliwa, cha kulinganishia tena, kuhakikisha kwamba samaki hajashiba. Kwa sponji ya kijivu mambo yalikuwa wazi tangu mwanzo. Samaki alikuja kwa kasi, akakivuta kipande, akakitema, akakigeukia, akakivuta tena na kukitema, kisha akaondoka huku akifungua na kufunga mdomo. Wa pili akakifuata kikizama, naye akakitema. Kipande cha kulinganishia nilichokiachia baada ya hapo hakikufika hata nusu ya njia kwenda chini.

Hesabu yake ni rahisi. Ukitoa vipande 10 vya kila aina na vyote vya kulinganishia vikaliwa, sponji inahesabiwa kuwa na kinga ikiwa vyenye dondoo vilivyoliwa ni 6 au pungufu. Kikomo hicho hutokana na jaribio la Fisher, kipimo cha takwimu kinachoonyesha kama tofauti ni kubwa kuliko ya bahati tu.

Sponji inayowasha ngozi ilinishangaza, kwa kuwa dondoo lake lililiwa bila kusita. Rangi kali nayo haikuwa na uhusiano wowote na kukataliwa. Tena baadhi ya sponji laini zilizokuwa zimekaa wazi, ambazo nilizitegemea, hazikuwa na kinga yoyote, na hapo nilikumbuka kazi iliyochapishwa mwaka 2014 kutoka Karibi, iliyoonyesha kwamba miamba iliyovuliwa kupita kiasi hutawaliwa na sponji zisizo na kinga, zinazokua haraka, kwa kuwa wa kuzila hayupo. Mwamba wetu umevuliwa mno. Kwa hiyo sponji kukaa wazi huenda kunaeleza zaidi habari za nyavu kuliko habari za sumu, na nimekiandika hivyo katika tasnifu.

Dondoo la sponji ya kijivu nililigawa kwa maji na ethili asetati, kimiminika kinachojitenga na maji na kuchukua vitu vya mafuta, nikapima kila upande peke yake. Upande wa maji uliliwa wote. Ukali ulibaki upande wa mafuta. Katika Lamellodysidea herbacea, jamaa yake, viambata vingi vyenye bromini hutengenezwa na sainobakteria, bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, wanaoishi ndani ya tishu, na hilo ndilo lililonifanya nihifadhi vipande vingine katika kimiminika cha kulinda DNA, ili mpangaji anayetengeneza kemikali atafutwe pamoja na mwenye nyumba, yaani sponji.

Hatua inayofuata inahitaji nyama zaidi, na hapo sikubali kurudi mwambani na gunia. Kwa halikondrini B, kilo 600 za sponji zilitoa miligramu 12.5 tu. Katika kijiji cha Jambiani, Unguja, akina mama wamekwisha kuonyesha kwamba sponji za kuogea huota vizuri kwenye kamba kutokana na vipande vidogo, kwa hiyo nimefunga vipandikizi vya sponji ya kijivu kwenye kamba, kwa idhini ya kamati ileile ya wavuvi, na kila ninapokata kipande hupima kwanza kwa samaki kama vilivyoota kambani bado vina ukali wa vile vya mwambani.