Jina la katikati Nairobi si la baba

Fomu ya kwanza utakayojaza ukihamia Nairobi itakuwa na visanduku vitatu vya majina, na hapo ndipo Mtanzania anapoanza kupotea. Kwetu mpangilio tunaujua tangu shule ya msingi: jina lako, la baba, la babu au la ukoo. Neema Juma Mushi ni Neema, mtoto wa Juma, wa akina Mushi. Mkenya akilisoma jina hilohilo anaona mwanamke aliyepewa majina mawili, Neema na Juma, na atajiuliza kimoyomoyo ni nani alimpa binti jina la Juma. Kwa Wakenya wengi wa bara, jina la katikati ni la mtu mwenyewe. La baba ndilo la mwisho.

Sasa chukua Brian Otieno Odhiambo. Brian ni la kanisani, Otieno ndilo jina lake la nyumbani, na Odhiambo ni la baba yake. Ukialikwa kwao ukamwamkia baba "Mzee Otieno", umemwita kwa jina la mwanawe. Watacheka, hawatakasirika, lakini ni kosa ambalo Watanzania hulirudia mno. Kanuni yenyewe haishiki kila nyumba. Familia nyingi za mjini zimeshalifanya jina la babu kuwa la ukoo, linashuka kizazi hadi kizazi, kwa hiyo la mwisho linaweza kuwa la babu aliyefariki zamani. Na Wasomali wa mtaa wa Eastleigh wanafuata mpangilio kama wetu kabisa, la mtu, la baba, la babu, hao hutapata shida nao. Usiposhika ipi ni ipi, uliza tu: "Baba anaitwaje?" Ni swali la heshima, halimuudhi mtu.

Hilo jina la katikati linakuja kwa njia tofauti kutegemea mtu ni wa wapi, na hisia za mtu kuhusu jina lake zinafuata njia hiyo. Kwa Waluo mara nyingi ni saa au hali ya kuzaliwa. Otieno na Atieno ni wa usiku, Odhiambo na Adhiambo wa jioni, Ochieng na Achieng wa jua likiwa kali, Okoth na Akoth wa mvua. Herufi O kwa wavulana, A kwa wasichana. Pacha wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, anayemfuata ni Odongo au Adongo. Kwa Wabukusu, ambao ni Waluhya, Wafula na Nafula ni watoto wa mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Wanjala wa wakati wa njaa. Majina ya namna hii watu huyabeba kwa wepesi. Kwetu tuna akina Chausiku, Mwajuma, Hamisi na Mwanaidi, tunaelewana.

Kwa Wakikuyu hali ni nyingine, na ndiko penye mambo mengi. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Msichana wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Wakiisha hao wanafuata ndugu za wazazi. Kwa hiyo Njoroge Kamau akipata mvulana wa kwanza, mtoto ni Kamau Njoroge, na huyo naye akizaa, anarudi Njoroge Kamau. Majina mawili yanapishana kizazi kwa kizazi, ndiyo maana kwenye makaratasi ya shamba au ya urithi jina peke yake halitoshi, lazima namba ya kitambulisho iandikwe. Jina limeshajulikana kabla mimba haijaingia. Mama hana la kuchagua, baba pia hana. Nyumba kama hiyo mtoto akisema "silipendi jina langu" amemtukana bibi yake aliyekaa palepale kwenye kochi. Usimkosoe mwenzako kazini eti jina lake la nyumbani ni la kizamani. Kuna mtu mzima nyuma ya hilo jina.

Nafasi ya kuchagua imebaki kwenye jina la kwanza tu, lile wanaloliita la kizungu. Wazazi wa Nairobi hapo ndipo wanapojimwaga. Kwenye ofisi ya watu wa umri wa miaka thelathini na kitu, ukiita "Brian" au "Kevin", au "Mercy" au "Faith", zitageuka shingo kadhaa. Madarasa ya chekechea ya sasa yamejaa akina Ethan, Liam na Jayden. Kwa maoni yangu jina hilo ndilo linalochosha mapema kuliko yote, na ndilo watu huliacha wakifika makamo wakaanza kujitambulisha kwa la katikati. Mtaani nalo hukatwa: Brian anakuwa Brayo, Kevin Kevo, Dennis Deno, John Jonte. Yale ya nyumbani pia hayasalimiki, Wanjiku ni Shiku, Odhiambo ni Odhis, Mwangi ni Mwas. Ufupisho huu ni wa wenzao. Wewe mgeni subiri mpaka mwenyewe ajiite hivyo mbele yako, na kwa mtu aliyekuzidi umri usiutumie kabisa.

Sasa lile linalotupita wengi. Nairobi jina la nyumbani linataja kabila, papo hapo, bila kuuliza zaidi. Mtu akijitambulisha "naitwa Brian" halafu mwenzake akauliza "Brian nani?", swali si la udadisi wa kawaida. Anataka kujua anaongea na mtu wa wapi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, machafuko yaliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza wengine kwa mamia ya maelfu kutoka majumbani mwao, na jina kwenye kitambulisho lilikuwa jambo la kufa na kupona. Watu hawajasahau. Ndiyo maana utakuta jirani unayemjua miaka kwa jina moja tu la kizungu, au mtu anayeandika kwenye wasifu wake wa kazi majina mawili kati ya matatu, akichagua kwa makini lipi liachwe. Karibu na uchaguzi uangalifu huo huongezeka. Usimlazimishe mtu akupe la tatu. Ukilihitaji kwa ajili ya malipo au mkataba, sema sababu kwanza: "Naomba jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, ni la risiti."

Hapohapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Neema, Baraka, Imani, Amani, Zawadi: majina ambayo Tanzania ni ya kawaida hata hayageuzi kichwa, Nairobi yanapendwa na wazazi wa ndoa za makabila mawili kwa sababu hayaegemei upande wowote. Kwa hiyo ukiitwa Baraka usishangae kuambiwa una jina zuri.

Wanawake wana hesabu yao ya ziada. Wapo wanaochukua jina la mume mahali pa la baba, wapo wanaoliongeza mwishoni, wapo wanaobaki na yao. Kisa kinachojulikana na wote ni cha Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Ndoa yake ilipovunjika, mume alimtaka aache kutumia jina lake, Mathai. Yeye akaongeza herufi a moja, likawa Maathai, na dunia ikamjua hivyo. Ukifanya kazi na mwanamke ambaye barua pepe yake ina jina moja na mkataba wake lingine, tumia lile analoandika yeye kwenye sahihi. Usimchagulie.

Jina lako nalo litapigiwa ramli. Mnyakyusa anayeitwa Mwakalinga ataambiwa ni Mtaita, maana Nairobi "Mwa-" ni Taita au Mijikenda. Juma atadhaniwa Mluhya au mtu wa Pwani. Mwita na Chacha watahesabiwa Wakuria, na hapo wamelenga, Wakuria wako pande zote mbili za mpaka. Mjaluo wa Rorya hatasadikiwa ni Mtanzania hadi afungue mdomo. Jibu fupi linatosha: "Hapana, mimi ni wa Tanzania." Mara nyingi mazungumzo huwa mepesi zaidi baada ya hapo, kwa sababu umetoka kwenye hesabu yao.

Tuje kwenye karatasi. Sheria ya uraia na uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inamtaka mgeni anayekaa zaidi ya miezi mitatu ajiandikishe apate kitambulisho cha mgeni. Ombi linafanyika mtandaoni, alama za vidole ni Nyayo House, jengo la idara ya uhamiaji. Mnyororo wake ni huu: pasipoti inazaa kibali cha kuishi au kufanya kazi, kibali kinazaa kitambulisho, kitambulisho kinazaa namba ya kodi ya KRA (mamlaka ya mapato), laini ya simu na M-Pesa, akaunti ya benki, na usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024. Kila hatua inanakili ya nyuma yake. Herufi ikikosewa kwenye kitambulisho, kosa linakwenda mpaka hospitalini, na kulirekebisha unarudi pale lilipoanzia, si pale ulipoligundua. Kwa hiyo soma ombi lako herufi kwa herufi kabla ya kulituma, pasipoti ikiwa wazi pembeni. Jina la ukoo lililoko kwenye pasipoti ndilo uandike kwenye kisanduku cha jina la ukoo, hata kama moyo wako unasema jina lako "hasa" ni lingine. Mawili yanayobaki yafuate mpangilio wa pasipoti.

Makosa yenyewe ni yaleyale. Sisi tunaandika Ally, Saidi, Hamisi, Ramadhani, Athumani. Karani wa Nairobi mkono wake umezoea Ali, Said, Khamis, Ramadhan, Athman. Haandiki kwa nia mbaya, anaandika anachosikia. Dawa ni kutotamka jina bali kulionyesha: weka pasipoti mezani, au liandike kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi umkabidhi. Kingine ni alama ya ng'. Mistari miwili ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine haibebi alama hiyo, kwa hiyo Ng'ang'a huko ni NGANGA. Tiketi ya ndege iandike bila alama, vivyo hivyo fomu yoyote ya mtandaoni inayoikataa. Usiweke nafasi tupu mahali pake, jina litakatika kuwa mawili. Usishtuke pia ukiona kwenye tiketi majina yako mawili yameunganishwa na mwishoni pana MR au MRS. Hiyo ni kawaida ya mifumo ya ndege.

M-Pesa ndiyo inayokuumbua kila siku. Ukimtumia mtu pesa, jina lake linatokea kabla hujathibitisha, na yeye atakuuliza simu ikiwa mkononi: "Inasoma nani?" Unamsomea. Likiwa siyo, unasitisha. Jina linaweza kuwa la mkewe au la kaka yake aliyesajili laini, sema tu alitaje kabla hujabonyeza, sio baada. Wewe nawe waambie watu mapema jina lako litasoma vipi, hasa kama wanakujua kwa jina la mtaani.

Kama tayari una vyeti vyenye majina yanayopishana, njia ya haraka ni kiapo mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo. Taja ndani yake kila namna jina lako lilivyoandikwa, neno kwa neno, na cheti lilipo, useme zote ni mtu mmoja, uambatanishe nakala. Pata nakala halisi kadhaa zenye muhuri kwa siku moja, maana kila ofisi itataka kubaki na yake. Kiapo hakibadili jina, kinaeleza tu tofauti. Kubadili ni kazi ya hati ya kubadili jina, na hiyo Mtanzania aifanyie nyumbani, ndipo pasipoti mpya itoke.

Ukijifungulia Nairobi, hospitali inaandika taarifa ya kuzaliwa, na karatasi hiyo ndiyo mama wa cheti. Muuguzi atauliza jina wodini, umechoka, mtoto analia. Mpe lililoandikwa, halafu usome alichojaza kabla hujaruhusiwa kutoka. Usajili usipite miezi sita, ukipita unahesabiwa umechelewa na viambatanisho vinaongezeka. Cheti kinataka jina la mama la kabla ya ndoa, kwa hiyo kama pasipoti yako ina jina la mume, beba cheti cha ndoa. Mkighairi jina, sheria inawapa wazazi miaka miwili tangu kusajiliwa kulibadili kwa msajili. Mtoto wa Watanzania wawili hawi Mkenya kwa kuzaliwa Kenya, katiba ya 2010 inaangalia uraia wa mzazi, kwa hiyo cheti hicho utakipeleka ubalozini kwetu kuombea pasipoti. Huko watalisoma kwa mpangilio wetu. Ukishawishiwa na majirani ukamwandika Ethan Mushi Juma, baba akiwa ndiye Juma, karani wa ubalozini ataona mtoto wa Mushi na atakuuliza huyo Mushi ni nani na yuko wapi.